Mkunga Aliyekufa Bila Ruhusa ya Shangazi

"Mkunga hafi mpaka mimi niseme afe!"

Shangazi aliyasema hayo ukumbini, kipaza sauti mkononi, siku kituo cha televisheni kilipozindua tamthilia iliyotokana na vitabu vyake. Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, maana soda zilikuwa za bure.

Alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya shule, miaka ishirini na sita kwenye kiti kimoja chenye mto aliojishonea. Mchana alichapa barua za mwalimu mkuu. Akitoka kazini, anachapa riwaya. Alitoa tano, zote za mkunga mmoja mcheshi, mdomo mkali, anayewafokea waume za watu mlangoni pa wodi. Wasomaji walimpenda. Sisi wa nyumbani tulimjua: alikuwa binti yake Shangazi, mkunga kweli, aliyefariki mwaka mmoja kabla ya kitabu cha kwanza.

Ndiyo maana cha sita kilikuwa hakiishi. Kila akikaribia mwisho, Shangazi anampa mimba mhusika mwingine ili Mkunga asikose kazi.

Kituo hakikusubiri. Kitabu cha tano kilipoisha kuigizwa, wakajitungia wenyewe.

"Wameruhusiwa na nani?" Shangazi akaniuliza.

Nikafungua mkataba. Kifungu cha kumi na moja: hadithi ikiisha vitabuni, kituo kitaiendeleza kipendavyo. Kimepangwa vizuri ajabu, kwa sababu alikichapa mwenyewe. Mkataba ulimjia umechapwa ovyo ovyo, akaona aibu kuutia saini vile, akauchapa upya kurasa zote tisa bila kosa hata moja.

"Sasa Shangazi, hukusoma?"

"Mpiga chapa hasomi, wewe. Ukisoma unakosea."

Jumamosi moja alasiri, tumekaa sebuleni, Mkunga akagongwa na lori. Wakamzika, na vinanda juu. Jirani yetu akachungulia dirishani: "Pole mama, lakini mazishi yamependeza!"

Shangazi hakulia. Alisema tu, "Alipokufa mara ya kwanza nilimshika mkono."

Nilikuwa na utani mdomoni. Nikaumeza.

Kitabu cha sita alikimaliza kwa miezi miwili. Mkunga yu mzima, ananawa mikono, anamwita mjamzito anayefuata. Mchapishaji akakisoma chote, akavua miwani.

"Dada, watu wameshamzika. Nani atanunua?"

"Mimi nimemzika mara moja. Inatosha."

Mchapishaji akamrudishia karatasi zake kwa mikono miwili, kama anayekabidhi mtoto, na hilo ndilo lililomtoa Shangazi machozi, palepale ofisini, mbele ya katibu na mtu aliyekuja kurekebisha feni.

Tukatoka, tukaingia duka la kudurufu lililo mtaa wa pili. Mwenye duka akauliza nakala ngapi.

"Moja."

"Ukichukua hamsini nakupunguzia, mama."

"Msomaji ni mmoja, mama yake Mkunga."

Kudurufu na kujalidi nakala moja, jalada gumu: shilingi elfu kumi na nne.