Unga Mbele ya Mjusi

Dada yangu alikuja kutoka Lindi kujaribu kuishi kwangu Mwenge. Kwa mama yetu tumebaki wawili tu, na nilitaka sana abaki. Kila asubuhi nilimwuliza kama amelala vizuri, nikamwuliza tena kabla hajajibu.

Nikasikia kuna makumbusho mapya kule Tegeta, yana wanyama waliokaushwa na mfano wa yule mjusi mkubwa wa kale wa kwetu Lindi, ambaye mifupa yake ilibebwa na Wajerumani. Nikaona hapo ndipo pa kumfurahisha. Siku ya kwenda alivaa kanga mpya. Mimi tangu chai nilikuwa mlangoni nimeshavaa viatu.

Ndani sikutulia. Nilimvuta huku na huku nikimsomea vibao kwa sauti: mjusi huyu alikula majani, aliishi kabla ya watu. Wanafunzi wenye sare walijaa wakipiga picha.

"Mkubwa hivi halafu anakula mchicha," dada akasema. "Na shingo hiyo, akinywa uji asubuhi unafika tumboni jioni."

Wanafunzi wakacheka. Nikacheka nami, nikajiona mwenyeji kweli kweli.

"Huyu wa plasta, dada. Wa kweli yuko Ulaya."

"Na hii mifupa midogo kwenye kioo?"

"Hiyo ni ya kweli. Imetoka kwetu."

Akafungua pindo la kanga, akatoa unga wa mtama, akachuchumaa na kuunyunyiza sakafuni huku akiwataja wazee wetu waliotangulia kwa sauti ya chini. Kijijini kwetu huisogelei mifupa ile bila kuwasemesha wenye mahali. Hata mimi nilifundishwa hivyo utotoni.

Simu za wanafunzi zikageuka. "Oya, bibi anamlisha mjusi!"

Mlinzi akaja mbio. "Shikamoo bibi. Humu hairuhusiwi kumwaga vitu." Kisha akanigeukia. "Mzee, mko pamoja?"

"Hapana," nikasema. "Tumekutana humu ndani."

Dada akainuka taratibu, akakung'uta mikono. "Kweli, mwanangu, simfahamu huyu mzee. Alikuwa ananisomea tu, mie sijui kusoma." Akaomba ufagio, akafagia mwenyewe.

Nilimkuta nje, kwenye kituo cha bajaji.

"Dada, nilichanganyikiwa."

"Hukuchanganyikiwa, mdogo wangu. Ulijibu haraka."

Nilitaka kumlaumu mlinzi, nikataka kuwalaumu wale watoto. Hakuna aliyenituma. Nilimtazama dada yangu kwa macho yao, nikamkana.

"Kesho unipeleke Mbagala nikapande basi la kurudi Lindi," akasema. Hakuwa na hasira; angekuwa nayo ningejua pa kuanzia kumbembeleza. "Nikifia kwako, majirani wakiuliza utasema alikuwa mpangaji."

Nikacheka kwa woga. Yeye hakucheka. Akaingia kwenye bajaji, akajisogeza hadi pembeni kabisa.

"Haya, panda," akasema. "Jua kali."