Trekta la Ishirini

Askari waliorudi kutoka vitani walimwita Mama Fomu, yule karani wa ofisi ya kilimo aliyekaa chumba cha mwisho, nyuma ya kabati lisilofunga. Matrekta ya mkono yaliletwa ishirini, na wenye shida walikuwa zaidi ya mia. Tena wajuaji wa juu wakaandika sharti: apewe mwenye shamba lililokwisha kusafishwa. Mtu kakaa vitani miaka sita, shamba limekuwa pori, trekta analitaka ndiyo alime. Wao wanataka alime kwanza! Akili hizo walizitoa wapi, Mungu ndiye ajuaye.

Basi Mama Fomu akawa anawafundisha. "Mwanangu, siku ya mkaguzi simama kwenye shamba la jirani. Jembe begani, na usiseme sana." Mkaguzi alikuwa mvivu wa kupindukia, hata garini hashuki. Kumi na tisa wakapita hivyo hivyo.

Wa ishirini alikuwa mdogo wake mwenyewe, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Alirudi na risasi mgongoni. Kutembea anatembea, kuinama hawezi, na jembe bila kuinama ni pambo tu.

"Dada, na mimi nisimame kwa jirani?"

"Wewe hapana. Watasema nimependelea ndugu yangu. Simama kwako, mkaguzi ataona hali yako, atakuhurumia."

Alijidanganya, na ndani ya moyo alilijua hilo. Aliyewavunjia wengine sheria mara kumi na tisa aliona aibu kuivunja mara moja kwa damu yake. Siku hiyo, bahati mbaya iliyoje, mkaguzi aligeuza shingo. Akaona pori, akakata jina. Trekta likaenda kwa mwenye duka la mbolea, ambaye vita alivisikia redioni.

Mvua za kwanza ziliponyesha, mdogo wake aliingia ofisini, akapanga foleni kama mtu baki. Zamu yake ilipofika akaweka karatasi mezani: anamkodishia mwenye duka shamba lote, miaka kumi.

"Mdogo wangu, subiri kidogo. Labda mwakani..."

"Inatakiwa sahihi ya shahidi, na wanataka ndugu wa damu," alisema, akimsogezea kalamu. "Hapa kupendelea kunaruhusiwa, dada."

Mama Fomu akatia sahihi. Mdogo wake akaikunja karatasi, akamshukuru kwa adabu, akatoka.