Kigae cha Kunduchi

Enzi zetu mtu hakutoka Kariakoo bila shughuli. Ukionekana unavuka Jangwani, basi kuna mgonjwa, kuna msiba, kuna harusi, au kuna mzigo wa kufuata. Habari ya kupanda baiskeli kwenda kuangalia miti na maji halafu ukarudi zako nyumbani ilikuwa haijulikani, na aliyeifanya alionekana ana lake jambo. Wenzangu tuliocheza rede pamoja Mtaa wa Narung'ombe mtakumbuka baba yangu alivyosemwa.

Baba alikuwa fundi wa majiko ya stovu, kibanda chake kikiwa nyuma ya soko. Siku sita za wiki alizibua majiko ya watu, na mikono yake ilinuka mafuta ya taa hata siku ya Idi. Jumapili aliifuta baiskeli yake ya Kichina, akajaza upepo, akaweka mto mdogo wa sufi juu ya keria, akanipakia mimi, Zuhura, mwanawe wa pekee. Wanawake wa barazani wakamuuliza anakwenda wapi. Kunduchi. Kuna nani huko? Hakuna mtu, anakwenda kutembea tu. Wakatazamana. Ili wasimsumbue zaidi, akazoea kurudi na mfuko wa chumvi ya mawe, maana mtu aliyetoka mbali akiingia mikono mitupu ilikuwa kama hakwenda. Bibi, yaani mama yake baba, tuliyekuwa tukiishi naye, ndiye aliyekuwa wa kwanza kutupekua.

Mimi nilizipenda na kuziogopa safari zile. Kuanzia Magomeni hadi Morocco kulikuwa bado ni mjini. Tukishapita Mwenge, nyumba zinapungua, inabaki minazi, mikorosho, na sauti ya mnyororo. Lori moja likipita, tunakaa muda mrefu hatujaona jingine. Watoto wa leo, ambao ukiwatuma chumvi duka la pili wanaomba nauli ya bodaboda, sijui kama wangekubali kukalia chuma kile saa mbili nzima wakila mihogo ya kukaanga iliyokwisha kupoa. Baba alikuwa haongei njiani. Alipiga mluzi tu, na mimi nikashika shati lake kwa nguvu, kwa sababu kila tukiteremka mlima nilijua tutaanguka.

Kunduchi tulifikia kwenye mabwawa ya chumvi, maji yametulia, kingo zake nyeupe zinaumiza macho. Baba alipumzika hapo, halafu tukasogea kwenye magofu. Kuna ukuta wa msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo, na kwenye kuta za makaburi wale watu wa zamani walipachika sahani za kutoka China. Baba alisema waliolala pale walikula kwenye sahani hizo wakati wengine wanakula kwenye vifuu vya nazi, na sasa hata jina lao hakuna anayelijua. Alisema bila huzuni. Mimi nikasogea karibu yake.

Jumapili moja, nikiwa na miaka kumi na mmoja, baba alijilaza kivulini akasinzia. Chini ya kaburi moja nikaona kigae cha sahani, kidogo kama biskuti, kina nusu ya ua la buluu. Nilifikiria kitu kimoja tu: nimpelekee Bibi, ili safari hii na mimi niwe nimeleta kitu. Nikakifunga kwenye pindo la ushungi wangu. Baba sikumwambia.

Tulipofika nyumbani, kabla sijafungua pindo, Bibi akauliza tulipita wapi. Aliposikia magofuni, akamgeukia mwanawe akamwambia, "Natumaini hamkugusa kitu. Vitu vya pale vina wenyewe." Baba akacheka, akasema hatukugusa hata jani. Mimi nikaenda chumbani, nikatoboa mto wangu, nikakisukumia kigae ndani ya sufi.

Jumanne baba akashikwa na homa.

Kwanza ilikuwa homa kama za wote. Alimeza klorokwini, dawa ikamwasha akajikuna usiku kucha kama tulivyokuwa tukijikuna sote, na mama akamfunika blanketi mbili. Jumatano hakula. Alhamisi hakunitambua, akaniita kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa. Ijumaa akaja mwalimu wa chuo cha Kurani kumwandikia kombe. Niliwaona uani, sahani nyeupe, maneno ya zafarani, kisha maji yakamiminwa na maandishi yakayeyuka, baba akanyweshwa. Nilikuwa nimesimama mlangoni naitazama ile sahani. Kisha nikamsikia Bibi akimnong'oneza mama kuwa homa hii si bure, mtu amekanyaga pabaya kule Kunduchi.

Sijawahi kuogopa vile, si kabla wala baada, na nimezaa watoto watatu. Nilijua ni mimi. Kusema nilishindwa. Nikisema, nitakuwa nimekiri kwamba nimemuua baba, na mama atanitazama kwa macho ambayo sitayasahau. Nilipolala, kile kigae kilinichoma shavu kupitia sufi, au ndivyo nilivyodhani.

Jumamosi asubuhi niliaga naenda chuoni. Nilichukua juzuu yangu, kigae nikakirudisha kwenye pindo, na mama alipokuwa uani nikaitoa baiskeli ukumbini polepole, nikiushika mnyororo usilie. Kiti chake sikukifikia. Tuliendesha watoto wote kwa kupitisha mguu wa kulia chini ya bomba la juu, umejikunja upande mmoja kama kaa. Hivyo ndivyo nilivyoendesha kutoka Kariakoo hadi Kunduchi.

Niliogopa kila kitu. Niliogopa kukutana na mtu anayemjua baba, niliogopa malori, niliogopa kwamba baba anakata roho saa hizo hizo na mimi ndio kwanza nipo Morocco. Pale Mwenge mnyororo ukatoka. Nikaurudisha kwa kijiti, mikono ikajaa grisi, na mama mmoja muuza maembe akaniuliza naenda wapi peke yangu na libaiskeli lile. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamdanganya kuwa natumwa kwa shangazi. Akanipa maji. Mbele ya hapo njia ilikuwa tupu, na bila mluzi wa baba ukimya ule haukuwa na raha yoyote. Kila mkorosho ulikuwa na mtu nyuma yake.

Nilipofika magofuni jua limekaa utosini. Hapakuwa na mtu. Ndipo nikagundua kosa la pili: sikumbuki ni kaburi lipi. Yalikuwa kadhaa, yamefanana, na nikikosea nitakuwa nimempa mtu mwingine mali isiyo yake. Nililia hapo, kwa sauti. Kisha nikaanza kupita moja moja, nakilinganisha kigae na vipande vilivyobaki ukutani. La kwanza, rangi si yenyewe. La pili, kijani. Kwenye la tatu palibaki kipande chenye nusu nyingine ya ua, na mistari ya buluu ikakutana. Nikakilaza chini yake, nikafukia kwa mchanga. Nilitoa salamu kama tulivyofundishwa kuwasalimia wafu, halafu nikasema nilichokuwa nimekirudia njia nzima.

"Nilichukua mimi. Si baba."

Upepo tu, na ndege kule kwenye mabwawa.

Sasa lazima niseme na hili, maana ni kweli. Wakati wa kurudi, kwenye mteremko wa Mlalakuwa, nilisahau. Sijui ilikuwaje. Mzigo ulikuwa umeondoka, baiskeli ikateremka yenyewe, ushungi ukapepea, na kwa muda mfupi kama wa kuvuta pumzi mara kumi nilikuwa na furaha ambayo sikuwa naijua. Kisha ukaja mlima wa Mwenge, nikashuka kusukuma, na hofu ikarudi mahali pake.

Nilifika Narung'ombe Maghrib. Mlangoni kwetu kulikuwa na kandambili na makubadhi yamerundikana, zaidi ya jozi ishirini. Sisi wa pwani tunajua viatu vingi mlangoni maana yake ni msiba. Niliiacha baiskeli ikaanguka barabarani, nikaingia.

Walikuwa wamejaa kwa ajili yangu. Chuoni walisema sikufika, na watu walikuwa wamenitafuta hadi Mchikichini na Feri. Mama alinizaba kofi, kisha akanikumbatia akalia. Na baba alikuwa ameketi kwenye mkeka, amejifunga kitenge cha mama, jasho linamtoka. Homa ilikuwa imemwachia mchana ule. Bibi alisema ni kombe. Mama alisema ni vidonge. Mimi nilikuwa na jibu langu.

Baba akaniuliza nilikuwa wapi. Nikasema Kunduchi. Na nani? Peke yangu. Kufanya nini? Nikanyamaza. Nilitazama chini, vidole vyeusi kwa grisi. Akaugeuza ule unyamavu wangu kichwani mwake, na akafikia anapotaka. Akaanza kucheka, mtu ambaye juzi alikuwa hajui jina langu.

"Ungenisubiri nipone," akasema, "tungeenda wote."

Tangu siku ile nilikuwa fahari yake. Aligongelea vipande vya mbao kwenye pedeli ili miguu yangu ifike, na akamsimulia kila mteja wa stovu kwamba ana mtoto wa kike aliyekwenda Kunduchi peke yake kwa kupenda tu safari. Hatimaye alikuwa amepata mtu mmoja Kariakoo nzima anayemwelewa. Ningemwambiaje? Kwanza nilinyamaza kwa hofu. Baadaye nilinyamaza kwa sababu ya uso wake. Miaka mitano iliyopita, akiwa kitandani hospitali, alimsimulia hata muuguzi, akanigeukia, "Si kweli, Zuhura?" Nikamwambia kweli, baba. Nilikumbuka ule mteremko, nikaona si uongo wote. Wiki ile ile tulimzika.

Leo Narung'ombe yote ni maghorofa na maboksi ya viatu, mabasi ya mwendokasi yanapita Jangwani, na njia ya Kunduchi ni nyumba kwa nyumba, mtoto akiishika na baiskeli hatafika hata Magomeni. Enzi zetu tuliwaogopa wazazi hadi tukawaficha mambo makubwa kuliko vifua vyetu. Vijana wa sasa wanasema hawana siri na sisi. Binti yangu mdogo, Rukia, ana baiskeli ya bei ya kiwanja, kofia ngumu na suruali ya kubana ambayo Bibi angeichoma moto. Wiki hii yuko na wenzake kaskazini, kati ya Ziwa Manyara na Ziwa Natron, wanapiga pedeli kwenda kuangalia magofu ya Engaruka. Hakuna aliyemuuliza ataleta nini. Kila anapofika ananitumia picha kwenye simu: Rukia na ziwa, Rukia na mawe ya kale, Rukia na vumbi hadi kwenye nyusi, na katika zote anacheka. Wenzangu wa barazani wananiambia una raha, mwenzetu, unamwona mwanao kila saa. Nami naitikia. Halafu naingia ndani, navaa miwani, nazikuza zile picha moja baada ya nyingine, na ninauchunguza ule uso unaocheka kama kuna mahali unaogopa.