Picha ya Kumpelekea Bibi

Juzi nilipita Saint Louis Park, huku ughaibuni, kwenye maghorofa tuliyokaa nikiwa mtoto, na binti yangu akanipiga picha kwa simu huku anatembea. Ikatoka safi. Nilicheka peke yangu. Wewe wa rika langu unajua, miaka ya tisini picha ilikuwa shughuli.

Mwaka mmoja, majani ya miti yalipoanza kugeuka rangi, Mama alitupanga mimi na mdogo wangu kwa picha ya kumpelekea Bibi, mama yake mzazi, Singida. Bibi hakuwahi kutuona, na macho yake yalishaingia mtoto wa jicho. Mama alitaka atuone kabla hayajapofuka. Tukavalishwa nguo za kanisani, tukapakwa mafuta mpaka tukang'aa, na jirani yetu Mkenya, muuguzi mwenye gari jipya, akajipa usimamizi.

"Simameni hapa kwa gari! Na hizo miti zote ziingie, watu wa home waone!"

Mama akarudi nyuma na kamera yake, akazidi kurudi nyuma, mpaka vyote vikaingia.

Wiki kadhaa baada ya kuituma picha, tukapiga simu. Bibi aliipokelea kwa mchungaji, na alikuwa akipaza sauti hata sisi watoto tukamsikia. "Gari nimeliona. Miti nimeiona, mizuri kweli. Sasa watoto wako wapi?"

Mama akaitoa nakala yetu na kuitazama upya. Nyuma anga jeupe na majani yanawaka, sisi mbele weusi tii, hata pua hazionekani. Aliumia, nilimwona. Lakini hasira za Mama zilikuwa za kufanya kazi. Kila akitoka kwenye nyumba ya wazee alikokuwa akihudumia, bado ananukia dawa ya kusafishia sakafu, aliuzunguka mti wa mbele ya jengo huku amekinyoosha kiganja, akiangalia mwanga unavyokipiga. Akagundua kwamba jioni, jua likiwa mgongoni kwake, majani ya njano yaliyolala chini huurudisha mwanga juu, usoni.

Basi akatukalisha juu ya lundo la majani, yenye harufu ya chai iliyolala. Gari likasahauliwa. Mdogo wangu akalalamika kwa Kiingereza kwamba anaganda. "Ganda, lakini tazama huku," Mama akamjibu, akasogea karibu mpaka nikasikia pumzi zake.

Picha ya pili ilipofika, tukapiga simu tena. Safari hii Bibi akasema, "Huyu mkubwa kachukua kidevu changu. Na huyu mdogo mbona kanuna?" Mama alikaa sakafuni, mkonga wa simu mkononi, akacheka na kulia. Sijawahi kujivunia mtu kama nilivyojivunia Mama siku ile. Baadaye watu walitoka miji ya jirani, Plymouth mpaka Lakeville, Watanzania kwa Wakenya, kuja kupigwa picha naye.

Mti ule umekatwa. Duka la kusafishia picha limefungwa, na Bibi tumeshamzika. Macho yake hayakufika majani ya mwaka uliofuata, yalipofuka kabla. Ila mama mdogo alitusimulia kwamba kila mgeni akifika, Bibi aliitoa ile picha, mara nyingine ameishika juu chini, akamweleza huyu ana kidevu gani na yule amenuna kwa nini, na hakukosea hata mara moja.