Kinanda Kilichotaifishwa Nusu

Mwezi uliopita nilikalia kiti cha mgeni rasmi katika mahafali ya shule niliyosoma, kule Muleba. Si ajabu. Katika darasa letu ni mimi peke yangu niliyerudi kutoka ng'ambo na stashahada ya muziki, na niliipata kwa jasho langu, bila mjomba serikalini. Nikaambiwa watoto wameniandalia wimbo. Kijana akabonyeza simu, spika zikanguruma, watoto wakawa wanapanua midomo tu kufuatisha sauti za watu wengine. Nilipiga makofi kwa adabu, lakini ndani nilichemka, rafiki yangu, maana muziki wa shule ile niliuona ukifa kwa macho yangu.

Tulikuwa na kinanda cha kukanyaga kwa miguu, kilicholetwa na wamisionari. Jumapili kilipigwa kanisani, Jumatatu wavulana wa darasa la saba walikibeba kuvuka uwanja hadi darasani, na hakuna aliyeuliza ni cha nani. Mwalimu wa muziki alinichagua mimi kujifunza. Wengine walinung'unika: msichana? Bibi yangu, aliyenilea, alinipokonya ungo wa kahawa niliyokuwa nachambua. "Nenda. Nataka nikusikie kanisani kabla sijafumba macho." Nikirudi jioni nakuta ndizi na maharage vimeiva chini ya majani ya mgomba, na yeye ananidai nimwimbie nilichojifunza.

Kisha shule zikataifishwa. Silaumu hilo, nami niliendelea na masomo kwa sababu hiyo. Jengo likawa la serikali, kanisa likabaki kanisa. Na kinanda je?

"Siku ya makabidhiano kilikuwa darasani," alisema mwenyekiti wa kamati ya shule. "Ni mali ya umma."

"Kilikuwa darasani kwa sababu ilikuwa Jumanne!" akafoka mzee wa kanisa. "Mngekuja Jumapili mngemtaifisha na mchungaji?"

Watu walicheka, lakini wazee wale wawili hawakucheka. Ikaamuliwa kinanda kikae kwa balozi wa nyumba kumi mpaka wakubwa wa Bukoba watoe neno. Balozi alikuwa mtu mwaminifu, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Alikisukumia ghalani nyuma ya magunia ya kahawa, akatia kufuli. Mwalimu alikwenda kukiomba kwa saa moja tu.

"Nikikupa wewe, Mwalimu, kesho mchungaji atasema nimependelea."

Mchungaji naye alijibiwa hivyo hivyo. "Mimi waitu, ndugu yangu, sina upande."

Basi Mwalimu akachora vitufe kwa mkaa juu ya ubao. Nikajifunzia hapo. Kila nilipobonyeza kwa kidole, sauti niliitoa mwenyewe kwa koo langu. Kahawa ikavunwa, ikaanikwa, senene wakaja wakaondoka, kuku wa balozi wakataga juu ya kinanda.

"Bado?" Bibi aliuliza.

"Mpaka wakubwa waamue."

"Wakubwa hao hawana masikio?"

Hatimaye neno likaja: kinanda kitumiwe na pande zote mbili, shule siku za kazi, kanisa Jumapili. Yaani vile vile tulivyokuwa tunafanya! Na kwa uamuzi huo watu walihutubia asubuhi nzima. Kinanda kikatolewa, kikafutwa vinyesi vya kuku, nikaitwa. Bibi alikuwa ameketi mbele, amevaa kitenge chake cha sikukuu.

Nilikanyaga. Likatoka vumbi. Nilibonyeza kwa mikono yote miwili, vidole havikukosea hata kimoja, na hakukusikika kitu isipokuwa upepo unaovuja. Panya walikuwa wametoboa mivukuto, mchwa wamemaliza mbao za ndani.

"Hakuna aliyekigusa, naapa," alisema balozi, na alisema kweli.

Bibi akaniinamia. "Mbona sisikii, mjukuu wangu?"

"Hakuna anayesikia, Bibi."

Muhula haukwisha Mwalimu akahamishwa, na hakuletwa mwingine. Kwa vidole vile vile nilishinda mitihani iliyonipeleka mbali, nikapiga vinanda katika kumbi ambazo kamati ya shule na wazee wa kanisa wasingeweza hata kuziota. Bibi alizikwa nikiwa huko. Niliporudi nilikuwa nimepanga maneno makali ya kuwaambia wazee wale. Nilipita nyumba hadi nyumba, Muleba hadi Hamugembe, kule Bukoba mjini. Mwenyekiti kafa, mzee wa kanisa kafa, balozi kafa. Hata wa kugombana naye sikumpata.