Udongo wa Matiri

Mama mkwe wangu, Hildegardi, hapendi joto, hapendi mchanga, na ziwa lenyewe hulitazama kama mgeni aliyekaa mno. Ni Mmatengo wa Matiri. Kule kwao mwezi wa Juni watu wanaota moto huku wamejifunika blanketi, na shamba limesimama mteremkoni kiasi kwamba mimi Hamphrey, mvuvi wa Mbamba Bay, ningelipanda kwa magoti. Yeye alipanda na kushuka maisha yake yote. Alilima maharage, akachuma kahawa, akalea watoto, akamzika mume, mpaka mwaka jana magoti yakamgomea. Alianguka shambani, akalala palepale hadi jirani alipopita.

Ndipo mke wangu Lidia akapanda gari kwenda kumchukua. "Mama, twende kwangu ukatibiwe miguu," alimwambia, na zaidi ya hapo hakusema. Ukweli ni kwamba nyumba ya Matiri haikuwa tena na mtu wa kumwangalia. Joakim, mwanawe wa kiume, anaishi Mbinga mjini na hufika shambani siku za kazi tu. Watoto walikuwa wamekubaliana mama abaki kwetu moja kwa moja. Kazi ya kumwambia, kila mmoja alimwachia mwenzake. Mimi nikasema hayo ni mambo ya damu, mkwe ninyamaze.

Basi mama akakaa kwetu kama msafiri. Nguo zake hakuzitoa kwenye mfuko wa safari. Asubuhi nikimwamkia, "Shikamoo, mama," huitikia, "Marahaba, Baba Rosa," kisha huuliza kama magari ya Mbinga yameanza kupanda. Ugali wetu wa muhogo aliumega kwa adabu, samaki wetu wa ziwani, mbasa, alimdonoa kidogo, halafu akauliza, "Mboga hamna?" Mboga zetu zilitoka sokoni zikiwa zimeshanyauka. Yeye alitamani majani ya maboga yaliyochumwa muda huohuo, umande ungali juu yake.

Lidia akaona dawa ni bustani. "Akipata pa kulima atatulia," akasema.

Tatizo, uwanja wetu ni mchanga mtupu. Kuanzia Agosti hadi mvua zinyeshe, mchana huukanyagi bila kandambili. Tuta la kwanza nililitengeneza chini, nikachanganya samadi ya mbuzi, nikasia mchicha. Maji yalizama kabla sijaweka ndoo chini. Mchicha ukachomoza, jua likaumaliza. Mama alikuja akiburuta miguu, akatazama.

"Baba Rosa," akasema, "hapa umepanda jikoni."

Lidia alicheka mpaka akakaa. Mimi sikucheka sana.

Tukaanza upya. Nilibomoa boti langu la zamani lililooza, nikatumia mbao zake kutengeneza sanduku refu lenye miguu, kimo cha mtu aliyekaa kitini, ili mama alime bila kuinama. Ndani tukatandika viroba tulivyovitoboa kidogo, maji yasikimbie yote, na juu yake samadi iliyooza. Upande wa ziwani nikasimamisha kivuli cha matete, maana jua la huku likianza kushuka ndipo linapochoma hasa. Mama alikaa akiangalia kazi yote, na siku hiyo hakuuliza habari za magari. Alinielekeza: mguu huu mfupi, ubao ule umelegea. Nilimtii, nikafurahi kutumwa.

Ukabaki udongo. Udongo mweusi upo hata bondeni kwetu, ni kuazima mkokoteni tu. Lakini Lidia alitaka kumfurahisha mama yake. Akampigia Joakim simu achimbe udongo shambani kwa mama, kwenye migomba ya nyuma ya nyumba, aujaze kwenye mifuko ya mbolea na kuupakia kwenye gari linaloshuka. Wote tuliona ni wazo zuri.

Mifuko ilipofika tulimsogezea mama kiti. Nikafungua wa kwanza. Akatia mkono, akaufinya udongo, akaunusa.

"Huu wa kwangu," akasema. "Wa kwenye migomba."

Alitabasamu, na Lidia akanitazama kwa furaha. Kisha tabasamu likaondoka. Mkono wake ulibaki ndani ya mfuko.

"Mimi nilikuja kutibiwa miguu," akasema. "Mtu anayerudi kwao haletewi udongo wa kwao."

Lidia akapiga magoti mchangani. "Mama, nyumba haina mtu. Ulilala shambani peke yako. Hatuwezi tena."

"Mliamua lini?"

"Kabla sijaja kukuchukua."

Mama alilia bila sauti. Aliacha machozi yashuke yenyewe.

"Nataka kwetu," akasema. "Nataka baridi ya kwetu. Nataka niamke nione ukungu, nikohozwe na moshi wa jiko langu mwenyewe. Nitataka hivyo mpaka nife, na msinikataze."

"Hatukukatazi, mama."

Nikageuka niondoke, kwa sababu si heshima mkwe kusimama akimtazama mama mkwe analia. Hatua chache tu, akaniita.

"Baba Rosa. Kalete majani."

Kwa Wamatengo, shamba la ngoro, yale mashimo ya mteremkoni yanayozuia maji yasitoroke na udongo, huanza na mwanaume. Yeye hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana. Mwanamke hufuata, akachimba katikati na kuyafukia. Kwake kazi ya kulaza ilikuwa ya marehemu Placidi, mumewe. Nilikuwa nimesikia habari hizo kwa Lidia, lakini mikono yangu inajua nyavu tu.

Nikaleta majani makavu kwapani, nikaanza kuyalaza juu ya samadi ndani ya sanduku.

"Yakatane," mama akasema.

Nikayapanga upya.

"Mume wangu hakuwa analaza hivi," akasema, machozi bado yanashuka. "Lakini endelea."

Akauvuta udongo wake kwa mikono miwili, akaanza kufukia.