Viatu Mlangoni pa Kichuguu

Shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, anamkaribisha kila mtu kwa maneno mawili: "Vua viatu." Uwe mzee, uwe askari, uwe mgonjwa unayeshikwa mkono huku na huku, utayasikia hayo kabla ya salamu. Ndiyo maana soko zima linamwita Bi Usikanyage. Analijua jina hilo na moyoni analipenda, ingawa ukimwita hivyo mbele ya wageni anakukata jicho.

Mimi ni fundi viatu. Kibanda sina, nakaa barazani kwake, nje ya ofisi ya Chama cha Akiba cha Kichuguu, na siwezi kuficha kwamba amri yake hiyo ndiyo inayonilisha. Mtu anavua, anaingia ndani kushughulikia akiba yake, na mimi huku nje nachungulia soli. Akitoka namwambia, "Ndugu yangu, hiki kisigino kimeshaanza kukuaga," na kazi inapatikana. Shemeji anasema mimi ni kupe. Lakini tangu nimuoe mdogo wake hajawahi kunipa kiatu chake hata kimoja nikishone. "Mikono yako inashona vizuri," huniambia, "ila mdomo wako unafumua."

Ofisi yenyewe ni chumba kimoja nyuma ya soko, kuta nyeupe, meza mbili, na sakafu ya saruji nyekundu ambayo ameipaka nta na kuisugua mpaka unaona ndevu zako ukiinama. Ana msafishaji, lakini hamwachii. Mwenyekiti mzima anapiga magoti na kitambaa kila asubuhi. Ukimuuliza kwa nini anajitesa, anakujibu kwa mkato, "Tope tumelikalia vya kutosha."

Na kweli wamelikalia. Zamani yeye na wenzake, wauza vitunguu, wauza mkaa na washona nguo, walikuwa hawana pa kukutania. Nyuma ya soko palikuwa na kichuguu kikubwa, na mvua ikinyesha hapo ndipo pekee maji hayakufika. Basi wakawa wanabanana juu yake, khanga kichwani, miguu imejaa matope, wanachangishana. Mtu akiwauliza wanakwenda wapi, wanajibu "Kichuguu," basi. Siku ya kuandikisha chama, wengine walitaka jina lenye heshima, Maendeleo sijui, au Nuru. Shemeji akagoma. "Sisi ni wa Kichuguu," alisema. "Hayo mengine ni ya nani?"

Wakacheka, wakaandika hivyohivyo. Siku walipopata chumba alitazama ile sakafu kavu, akaapa kwamba tope halitaingia humo maadamu yeye yu hai. Mimi nilikuwepo. Nilidhani anatania.

Sasa, ng'ambo ya barabara pakajengwa jumba la vioo. Tukakaa tukikisia ni duka la dawa au hoteli, mpaka walipopandisha bango: BENKI YA KICHUGUU, na picha ya chungu mwekundu amebeba sarafu mgongoni. Makao yao makuu yalikuwa mji mwingine kabisa, na nadhani huko kuna mtu aliyependa wadudu. Shemeji alitoka na ndoo mkononi, akalisoma bango taratibu, akasema, "Wametuiga. Maana yake tuna kitu." Akarudi ndani kakunjua uso.

Raha hiyo haikudumu. Wanachama wengi wa chama wanatoka mbali, na wengine ni wazee ambao walikuwa wanatuma watoto wao na sasa wanakuja wenyewe. Ukiwaambia nenda Kichuguu, nyuma ya soko, wanaona nini? Wanaona lile jumba linalong'aa na jina lao limeandikwa juu yake kwa taa. Wanavuka barabara. Wanafika mlangoni. Na kwa kuwa wanajua masharti ya Kichuguu, wanavua viatu, wanavipanga vizuri ukutani, wanaingia pekupeku kwenye vigae baridi kama barafu, wanauliza, "Mama yuko wapi?"

Mlinzi wa benki hakujua afanye nini. Mlango wao ni ule wa kioo unaojifunga wenyewe, na ndala zilikuwa zinaubana, unabaki unakwenda na kurudi, unakwenda na kurudi. Mimi barazani nilikuwa napiga mluzi na kupunga nyundo: "Siyo huko! Huku! Beba viatu vyako uje huku!" Meneja wa benki, kijana mmoja mtanashati, kiatu chake cha kamba kimepigwa rangi kila siku, alikuwa anatoka na kukodolea macho zile ndala. Akawa anamwagiza mlinzi azipige picha. Sikujua za nini.

Nilijua siku malalamiko ya benki yalipofika kwa msajili wa majina ya biashara. Benki ilikuwa inadai kwamba jina la Kichuguu ni lao, wamelisajili kama alama yao nchi nzima, na kwamba chama kinawavuruga watu kwa kulitumia. Walitaka chama kiliache jina na kishushe bango.

Shemeji hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alichukua kitambaa akasugua sakafu ambayo alikuwa ameshaisugua asubuhi. Halafu akatoka, akakaa kwenye kigoda changu cha wateja, jambo ambalo hajawahi kufanya.

"Shemeji," akasema, "wakituchukulia jina, hawa watu watajua waje wapi?"

Nilitafuta mzaha nikaukosa. "Watakuja kwako," nikamwambia.

"Mimi nitakufa siku moja. Jina ndilo linatakiwa libaki."

Siku ya kusikilizwa mvua ilinyesha tangu alfajiri. Nilifunga kazi nikaenda nao, wanachama ukumbi mzima, na mke wangu kanishika mkono kwa nguvu hata vidole vikafa ganzi. Ofisi ya msajili iko ghorofani, na sakafu yake, kwa bahati mbaya au nzuri, ilikuwa ya rangi nyekundu na imesuguliwa. Shemeji alifika mlangoni, akaitazama, akavua viatu. Hakuamrisha mtu. Walio nyuma yake wakavua pia, na walio nyuma ya hao, mpaka mlango ukawa hauonekani kwa kandambili, buti na raba. Mimi mwenyewe nilivua kabla sijafikiri.

Msajili, mtu mzima mwenye miwani na sauti ya upole, ilimbidi aviruke ili aingie.

Wakili wa benki alikuwa mtu wa adabu, wala sina neno naye. Alisimama akasema, "Mheshimiwa, watu wanachanganyikiwa, na ushahidi tunao." Akatandaza picha mezani. Zilikuwa ndala zetu. "Hawa wanavua viatu mlangoni petu kila siku. Mlango haufungi, wateja wetu wanajikwaa. Haya yote ni kwa sababu kuna chama kinatumia jina letu."

Nilijikaza nisicheke. Viatu vile vyote vimepita mikononi mwangu. Ilikuwa kama kuona picha za wajomba zangu.

Upande wetu alisimama mwanasheria kijana, binti wa mmoja wa wale wauza vitunguu wa zamani. Alimgeukia meneja. "Samahani kaka, benki yenu inawataka wateja wavue viatu?"

"Hapana! Hata siku moja."

"Labda kwenye tawi lingine?"

"Hakuna tawi lenye mambo hayo."

"Basi mtu anayevua viatu mlangoni kwenu, anadhani anaingia wapi?"

Meneja akazitazama zile picha mezani. Wakili wake akaanza kukusanya picha polepole. Msajili akazitazama, kisha akainua macho akautazama mlango wake mwenyewe, na lile rundo la viatu, na miguu yetu mitupu chini ya viti. Mabega yakaanza kumtikisika. Akavua miwani akaifuta.

"Mama," akamwambia shemeji, "na kwako je? Kuna mtu amewahi kuingia na viatu, akitafuta benki?"

"Aingie na viatu? Kwangu?"

Ukumbi ukaangua kicheko, hata wakili wa benki. Shemeji alisubiri kitulie, halafu akasema kwa sauti ya chini, "Hapana, mheshimiwa. Hajawahi kuja mtu kwetu akiulizia benki. Jina hili hatukulitafuta kwenye vitabu. Ni mahali tuliposimama mvua ilipotunyeshea, na waliokuwepo wengine wameshazikwa. Ukilitoa, umewatoa na wao."

Hapo hakuna aliyecheka. Mke wangu alikuwa analia waziwazi, na mimi nilikuwa naangalia dari.

Msajili alitoka kidogo kupitia makaratasi yake, akarudi na kutoa uamuzi palepale. Alisema katika mji huu watu wakisikia Kichuguu wanafikiria chama, na picha za benki yenyewe zimeonyesha hivyo kuliko shahidi yeyote. Malalamiko ameyatupa. Tawi la ng'ambo ya barabara litafute jina lingine.

Shemeji aliinuka. Hakushukuru mtu, hakukumbatia mtu, alitoka tu, akashuka ngazi, na tulipofika dirishani tukamwona anakata mvua anaelekea sokoni, gauni kalikusanya mkononi, anatembea mwendo wa msichana.

Kule mlangoni kila mtu alikuwa anatafuta vyake. Meneja wa benki ndiye aliyebaki ameshika jozi moja isiyo na mwenyewe. "Hivi vya nani?" akauliza. "Vya mwenyekiti?"

Nilivipokea. Nikavigeuza, maana ndiyo kazi yangu, na roho ikaniuma. Soli zimetoboka zote mbili, ndani kaweka vipande vya boksi. Alikuwa anatembea hivyo kesi nzima, na mimi nakaa mlangoni pake.

Nilivitia chini ya koti nikamkimbilia. Nilimkuta ofisini, amesimama katikati ya chumba peke yake, anahema. Kutoka kizingitini mpaka alipo, juu ya sakafu ile nyekundu, zilikuwa nyayo za tope, nzito, kila kidole kinaonekana. Wanachama walikuwa wamefika nyuma yangu, wameshavua, wamejazana barazani na hakuna aliyethubutu kuingia.

"Bi Usikanyage," nikamwambia, "umekanyaga."

Akatazama chini. Akaona miguu yake, akageuka akaona nyayo zake. Kicheko kilianzia tumboni, kikamshinda nguvu, akakaa palepale sakafuni na machozi yanamtoka, anacheka na kulia kwa pamoja.

"Ingieni," akasema.

Hakuna aliyesogea.

"Jamani, ingieni hivyohivyo! Vaeni viatu vyenu muingie!"

Tukaingia. Tope lote la soko tulilipeleka ndani siku ile, tukaimba, na mtu mmoja akateleza akaanguka na ndoo.

Viatu vyake sikumrudishia. Nilivitia soli mpya na uzi mara mbili, na kesho yake asubuhi nikampelekea. Sakafu ilikuwa inang'aa tayari, na yeye kapiga magoti na kitambaa. Nilinyanyua mguu nivuke kizingiti, jozi yake mkononi.

"Wewe," akasema bila kugeuka, "vua viatu."